Sikio la Mtoto Limeonewa

Wahakiki wenzangu, nadharia ya Roman Jakobson ni tamu. Mwaka 1941 alidai kuwa watoto wa lugha zote hupata sauti kwa utaratibu mmoja: /p/, /m/ na /a/ hutangulia, /r/ huchelewa. Sawa, lakini ushahidi je? Aliegemea sana shajara zilizoandikwa juu ya mtoto mmojammoja. Shajara hizo hunasa zaidi kinywa, sikio zinaliacha.

Mpwa wangu wa miaka mitatu huniita "lafiki". Siku moja nikamwiga: "Lafiki!" Akanuna: "Siyo lafiki, mjomba! Lafiki!" Jean Berko na Roger Brown walilieleza jambo hilihili mwaka 1960: mtoto aliyemwita samaki wake wa plastiki "fis" badala ya "fish" alimkatalia mtu mzima aliyemwiga.

Basi, mtoto husikia tofauti ambayo ulimi wake haujaiweza. Kuorodhesha anayotamka hakutoshi. Tumwonyeshe picha mbili, tumtajie moja, aguse.

Na waandishi wetu wanaompa mhusika mtoto kitembe ili tucheke tu, jamani, wamempa ulimi wakamnyima akili.