Udongo Uliokatwa kwa Kisu: Kaburi la Buyan Quli Khan

Watu wengi husema juu ya ufundi wa Waislamu: ni mapambo tu, hufurahisha macho bila kusema neno. Ndugu msomaji, mimi nakataa. Twende Bukhara, katika nchi ya Uzbekistani, tutazame kaburi la Buyan Quli Khan. Alikuwa mfalme wa uzao wa Chinggis Khan, lakini mfalme wa jina tu, maana nguvu zilikuwa mikononi mwa wakubwa wa jeshi. Aliuawa mwaka wa 1358.

Kwanza tujue kazi yenyewe. Fundi hakuchora picha juu ya kigae. Alikata udongo ungali mbichi, akachimba majani na maandiko kwa kina. Kisha akauchoma, akaupaka rangi ya kioo, akauchoma tena. Shaba hutoa rangi ya feruzi, bati hutoa nyeupe, manganizi hutoa zambarau. Kila mtu aliyepata kufyatua matofali anajua hatari yake: udongo ukikauka hupungua, na motoni hujipinda. Hata hivyo kila kigae kilipaswa kukutana na jirani yake bila kuvunja mstari wa maandiko.

Uzuri wake uko wapi? Katika kivuli. Jua likija kwa ubavu, herufi husimama, mashimo hujaa giza. Rangi peke yake haiwezi hivyo. Kwa hiyo naiweka kazi hii juu ya vigae laini vya nyakati za baadaye, ingawa vile vina rangi nyingi zaidi.

Lakini kosa lipo. Mahali pengine majani yamejazana nyuma ya herufi hata jicho hupotea. Hapo fundi alipenda mkono wake kuliko neno.

Vigae vingine vya kaburi hili viko London, katika makumbusho ya Victoria and Albert. Vimetunzwa vema. Walakini kigae chini ya taa isiyosogea ni kama neno moja lililong'olewa katika sala: twaliona, hatulisikii.

Basi, ni mapambo tu? Waliomzika mfalme huyu asiye na nguvu walitwaa udongo, kitu kile kile ambacho mwili wake uliurudia, wakaupitisha motoni, ukatoka na rangi ya mbingu. Hayo ni maneno, tena si madogo. Sisi tunaokumbushwa kila mwaka kwamba tu mavumbi, tusijifanye hatuyaelewi.