Ua Adimu Lisifiwe Mwaka wa Pili

Anayetazama bustani ya nyumbani Mbeya au Iringa huvutwa kwanza na rangi, kisha huuliza kama jirani naye analo ua hilo. Vipimo vyote viwili hudanganya. Ua adimu lipimwe kwa swali moja: limezalishwa na mtunza bustani, au limeng'olewa porini likaletwa kuoneshwa? Ushahidi uko Kitulo, uwanda wa juu ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, uliotangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Okidi za ardhini za huko ni zaidi ya aina 40. Kiazi cha okidi hubeba akiba ya chakula, hivyo kikihamishiwa kwenye chungu kinaweza kuchanua mara moja kwa nguvu ya mlimani, kisha kikanyauka. Kuzaa ndiko kugumu zaidi, kwani mbegu yake ni kama vumbi, haina chakula, na porini huota kwa kulishwa na kuvu wa udongoni. Kwa hiyo okidi inayochanua chunguni mwaka wa kwanza haijathibitisha ufundi wa mtu yeyote. Mnunuzi mjuzi huanzia chini: mizizi iliyokatwa, kiazi chenye jeraha na majani ya mlimani yaliyonasa kwenye udongo ni alama za jembe, mizizi iliyoenea vizuri chomboni ni alama ya kitalu.

Wapo watakaosema kwamba viazi hivyo vinachimbwa kwa magunia na kuvushwa hadi Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda, basi heri vichache vinusurike bustanini. Hoja hiyo ina huruma, lakini mmea usioacha mzao haujaokolewa, umecheleweshewa kifo tu, na mchimbaji amepata mteja wa pili. Wengine watauliza: tukiacha okidi za porini, tutabaki na maua yaleyale ya kila uani? La. Gladiola ya porini, Gladiolus dalenii, ambayo ni mzazi mkuu wa gladiola kubwa za madukani, huzaa vitunguu vidogo kando ya kile kikubwa. Ukivitenga na kuviacha vikavu wakati wa kiangazi, vitachipua mvua zikirudi. Urujuani wa Usambara, uliojulikana Ulaya baada ya Mjerumani Walter von Saint Paul kuuona mwaka 1892, huzalishwa kwa jani moja tu lililochomekwa kwenye udongo wenye unyevu. Ndiyo maana umejaa madirishani ulimwenguni bila kila chungu kuwa na deni msituni, na unafaa baraza lenye kivuli pale Iringa.

Basi kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuoneshe mmea mama pamoja na watoto wake. Akiwa na ua tu, hata likiwa zuri namna gani, liache.