Shamba la Wanyama na Asili ya Ugomvi wa Wakubwa

Mara nyingi watu huuliza: Marekani na Uingereza walipigana vita upande mmoja na Urusi hata Hitler akashindwa mwaka 1945, imekuwaje basi kwamba kabla ya miaka miwili kutimia walikuwa wakitazamana kama maadui, na uadui ule ukadumu hata dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991? Vitabu vikubwa vimeandikwa juu ya jambo hili. Mimi nataka kupima kitabu kidogo, ambacho baadhi yenu mmekisoma, maana Bwana F. Kawegere alikifasiri kwa Kiswahili mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama. Mtungaji wake ni Mwingereza, George Orwell. Neno langu ni hili: kitabu hiki husomwa nusu tu, na ile nusu isiyosomwa ndiyo yenye jibu la swali letu.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Wanyama wa shamba wamfukuza bwana wao mlevi na kuapa kuishi kwa usawa. Baadaye nguruwe wajifanya mabwana, na mkubwa wao, Napoleon, amwaga damu ya wenziwe. Kila msomaji hutambua kwamba hayo ni mambo ya Urusi tangu mapinduzi ya mwaka 1917, na kwamba Napoleon ni Stalin. Darasani kwangu wanafunzi hucheka, husema, “Hao ndio Makomunisti,” kisha hufunga kitabu.

Walakini kitabu hakikuishia hapo. Katika sura ya mwisho nguruwe wamewaalika jirani zao, wanadamu wenye mashamba. Wanakula, wanakunywa na kusifiana. Bwana Pilkington, mwenye shamba la jirani, anawasifu nguruwe kwa jinsi wanyama wao wanavyofanya kazi nyingi kwa chakula kidogo. Kisha wanacheza karata, na mara ghasia zinatokea: Napoleon na Pilkington wametupa ree ya shupaza wote wawili kwa wakati mmoja. Kila mcheza karata ajua kwamba katika jozi moja ree ya shupaza ni moja tu. Na wale wanyama wengine, wakiwa nje, wanachungulia dirishani, wala hawawezi tena kupambanua nguruwe ni nani na mtu ni nani.

Meza ile ni meza gani? Orwell mwenyewe alieleza mwaka 1947, katika dibaji aliyowaandikia Waukraine, kwamba aliwaza mkutano wa Tehran. Katika siku za mwisho za Novemba mwaka 1943, Stalin, Roosevelt na Churchill walikutana huko, na dunia ikashangilia urafiki wao. Orwell alikuwa akiandika kitabu chake wakati ule ule, akakimaliza mwezi wa Februari 1944. Yeye hakuamini kwamba urafiki ule ungedumu. Aliuona kuwa ni kama urafiki wa watu wanaosaidiana kuzima moto: moto ukizimika, huanza kuulizana kiwanja ni cha nani.

Na ndivyo ilivyokuwa. Huko Yalta, Februari 1945, waliahidi pamoja kwamba watu wa Poland watachagua serikali yao kwa uhuru. Lakini uchaguzi ulipofanywa Januari 1947 chini ya Makomunisti, haukuwa wa haki. Tena tazameni mkutano wa Potsdam. Tarehe 24 Julai 1945 Truman, aliyeshika nafasi ya Roosevelt, alimwambia Stalin kwa maneno machache kwamba Marekani imepata silaha mpya yenye nguvu nyingi ya kuharibu. Hakusema kwamba ni bomu la atomiki. Stalin akajibu kwa utulivu, kana kwamba ni jambo dogo. Kumbe wapelelezi wake walikuwa wamekwisha mletea habari za kazi ile ya siri! Mmoja alificha bomu, mwingine alificha kwamba ajua. Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti, Nagasaki tarehe 9, na kitabu chetu kikatoka London tarehe 17 mwezi ule ule. Hata ilipofika tarehe 29 Agosti 1949, Warusi nao wakalipua bomu lao la kwanza, na ree ya pili ikaonekana mezani. Mtungaji hakuweza kuyajua hayo alipokuwa akiandika. Aliijua tabia ya wachezaji tu, na hiyo ilimtosha.

Basi nimekisifu kitabu. Yanipasa kutaja na upungufu wake. Orwell aonyesha vizuri tamaa na udanganyifu, lakini hofu haionyeshi sawasawa. Nguruwe na wanadamu walioketi pale mezani wamenenepa na kuridhika. Urusi ya mwaka 1945 haikuwa hivyo. Watu wake wapata milioni 27 walikuwa wamekufa katika vita, na majeshi ya Ujerumani yalikuwa yameingia nchi hiyo mara mbili, mwaka 1914 na mwaka 1941. Stalin alikuwa mtawala mkatili, walakini Warusi wengi wasio wakatili nao walitaka nchi za mpakani zisiwe tena njia ya adui. Upande wa pili nao ulikuwa na hofu yake. Ulaya ilikuwa na njaa na magofu, na wakubwa wa Marekani waliogopa kwamba wenye njaa wangefuata Ukomunisti. Kwa hiyo tarehe 12 Machi 1947 Truman aliomba dola milioni 400 za kuzisaidia Ugiriki na Uturuki. Kila upande uliita jambo lake ulinzi, na jambo lile lile likifanywa na mwenzake uliliita uchokozi. Hilo halimo katika mfano wa karata, nami naliona kuwa pengo kubwa. Mchezaji mdanganyifu aweza kuaibishwa akaacha. Lakini mwenye hofu, ukimshika mkono, huzidi kuogopa.

Sasa sikilizeni mambo yaliyokipata kitabu chenyewe, maana ni ushahidi kuliko maneno yangu. Mwaka 1944 wachapaji kadhaa wa Uingereza walikikataa. Mmoja, Jonathan Cape, alikuwa tayari kukipokea, akarudi nyuma baada ya kushauriana na afisa wa Wizara ya Habari. Maana Stalin alikuwa rafiki, na haifai kumwita rafiki nguruwe. Mwaka 1946 kikapigwa chapa Marekani, kikapokewa kwa shangwe. Kitabu kilikuwa kile kile. Marafiki ndio waliobadilika. Mwaka 1947 wakimbizi wa Kiukraine waliokuwa kambini Ujerumani walikipiga chapa kwa lugha yao. Askari wa Marekani huko Munich wakakamata nakala zapata 1500, wakawapa maofisa wa Urusi! Na Orwell alipokwisha kufa, Januari 1950, idara ya upelelezi ya Marekani ilitoa fedha kwa siri ili hadithi ifanywe sinema. Sinema ile ilitoka mwaka 1954. Wanadamu wameondolewa katika karamu ya mwisho, wamebaki nguruwe peke yao. Pilkington hayupo mezani, wala ree yake ya shupaza.

Wasomaji, mnamkumbuka nabii Nathani alivyomwendea Daudi na mfano wa mwana-kondoo wa maskini. Daudi alimkasirikia sana yule tajiri wa hadithi, mpaka alipoambiwa kwamba tajiri ni yeye. Nguvu ya mfano i hapo. Sasa mfalme akimkatiza nabii katikati, akachukua nusu ya mfano kwenda kumkemea jirani yake, amefaidiwa nini? Wakubwa wa Urusi walikipiga kitabu marufuku kwa sababu walijiona ndani yake. Wakubwa wa Marekani walikitangaza, wakaifuta sura yao. Nyani haoni kundule.

Nasi Wakristo tusijidhani tumesalimika. Wako wasomaji wanaochukizwa na yule kunguru aitwaye Musa, anayewahubiria wanyama nchi njema ya mbinguni, huku nguruwe wakimpa pombe kila siku bila kumtaka afanye kazi. Husema kwamba Orwell aitukana dini. Mimi nasema, tusilikatize neno kama wale wengine. Septemba 1943 Stalin, aliyekuwa amelitesa Kanisa miaka mingi, aliliruhusu kuchagua Patriarki, kwa kuwa vita vilimfundisha kwamba laweza kumfaa. Kila mhubiri, na kila mwalimu, na ajiulize chakula chake chatoka meza ya nani, na kama kimemfunga kinywa.

Kisomeni basi kitabu hiki mpaka mwisho, hata pale dirishani. Maana watu wengi wa dunia katika ugomvi ule hawakuketi mezani. Walisimama nje pamoja na wale wanyama, wakaambiwa wachague uso mmoja wa kuupenda.