Sifa za Sakafu Kavu

Ng'ombe wa maziwa mwenye afya hukaa amelala chini kwa muda wa saa 12 hadi 14 kila siku, na katika muda huo ndipo anapocheua sehemu kubwa ya malisho yake, ndipo kwato zake zinapopumzika na kukauka, na ndipo damu inapopita kwa wingi zaidi kwenye kiwele, kiungo kinachotengeneza na kuhifadhi maziwa. Nusu ya maisha ya mnyama huyu, au zaidi, hupita juu ya kitu ambacho mpita njia hakioni na mgeni anayekaribishwa bandani hakiulizii, nacho ni sakafu. Paa husifiwa kwa kung'aa na ukuta husifiwa kwa kunyooka, lakini ubavu wa ng'ombe hauegemei paa wala ukuta, na fundi anayelijua hilo hutumia akili yake nyingi chini, mahali ambapo kazi yake itafunikwa na majani siku ileile atakayoikabidhi.

Banda halimpi ng'ombe joto. Joto analo mwenyewe, kwa kuwa katika tumbo lake la kwanza, lile kubwa ambamo vijidudu visivyoonekana kwa macho huyachachua majani, uchachukaji huo hutoa joto usiku na mchana, na mwili wake hudumu kwenye nyuzijoto 38.5 hivi za Selsiasi bila msaada wa moto wowote. Kinachotakiwa kwa mjenzi ni kuhakikisha kwamba joto hilo halinyonywi na sakafu iliyoloa, halipeperushwi na upepo unaopenya chini ya mlango, na wala mvuke wa pumzi za mnyama haugeuki matone yanayomrudia mgongoni. Ng'ombe mkubwa, mkavu na aliyeshiba huvumilia baridi kuliko mwenye ng'ombe anavyodhani. Kinachomdhoofisha ni baridi iliyoungana na unyevu, kwa sababu manyoya yakishalowa hupoteza ile hewa iliyotulia baina yake, ambayo ndiyo kinga ya ngozi.

Elimu ya kuhami joto, yaani kulizuia joto lisihame haraka kutoka upande wenye joto kwenda upande wenye baridi, si ngeni katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako ardhi imefunikwa na migomba, kahawa na miti ya kivuli hata ng'ombe akakosa pa kuchungiwa, Wachagga walizoea kumfuga ndani na kumletea majani, mengi yakibebwa kichwani kutoka tambarare za chini. Nyumba yao ya zamani ilikuwa ya msonge, iliyoezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, na watu, ng'ombe na mbuzi walilala chini ya paa hilo moja wakizunguka meko moja. Tabaka nene la nyasi hufungia hewa nyingi katika mashina yake na baina ya jani na jani, na hewa iliyotulia ni kipitishi duni cha joto. Moshi wa meko nao uliikausha nyasi na kuwafukuza wadudu wanaoila. Si lazima mtu atamani kuurudia moshi huo, ambao uliwaumiza macho na vifua waliolala humo, ili akiri kwamba waliojenga nyumba zile walijua kuyatenganisha mambo mawili ambayo wajenzi wengi wa leo huyachanganya, yaani kuhifadhi joto na kuziba hewa.

Mabati yameleta faida ambazo haifai kuzibeza: hudumu, hayashiki moto, na maji ya mvua yanayotiririka juu yake yanaweza kukingwa kwenye tangi akanywa ng'ombe huyohuyo. Hata hivyo bati ni jembamba na ni chuma, hivyo mchana hupata moto na kuumimina juu ya migongo, na usiku wa anga lisilo na mawingu hupoa kupita hata hewa inayolizunguka, mvuke ukageuka matone kwenye uso wake wa chini na kudondoka. Dawa yake ni rahisi kuliko sifa inayopewa. Dari ya matete au mianzi iliyofungwa chini ya papi, ikaachwa nafasi ya kiganja kimoja au viwili kati yake na bati, na nafasi hiyo ikaachwa wazi kwenye kilele ili hewa ya moto ipate njia, hutuliza joto la mchana na kupunguza umande wa usiku kwa gharama ya siku chache za kazi.

Kuhusu kuta, fundi mzuri huwa na uthubutu wa kujenga pungufu. Ukuta mzima huwekwa upande unaotoka upepo mkali tu, na pande nyingine huinuliwa hadi kimo cha mgongo wa ng'ombe aliyelala au zaidi kidogo, kisha juu yake pakaachwa wazi. Sababu yake ni amonia, gesi yenye harufu kali inayozaliwa mkojo unapokutana na kinyesi, kwa kuwa kinyesi kina kimeng'enya kinachoivunja urea iliyomo katika mkojo. Gesi hiyo huchoma macho na kuharibu njia za hewa za ndama kabla ya za wengine wote, hata banda lililozibwa kwa huruma, magunia yakatundikwa kila upenyo, hugeuka chumba cha vichomi. Huruma isiyo na maarifa ya hewa imewaua ndama wengi.

Sakafu yenyewe huanza na kuondoa udongo wa juu, wenye mizizi na mboji, kwa sababu huoza na kudidimia. Baada ya hapo hupangwa mawe kwa mkono, unene wa sentimita 15 hivi, mapengo yakijazwa kokoto ndogo au moramu na kushindiliwa hadi mguu usisikie mtikisiko. Tabaka hili hubeba uzito, na pia hukata njia ya maji, kwa maana unyevu wa ardhini hupanda kupitia vitundu vyembamba vya udongo na hukwama unapofika kwenye nafasi pana za mawe. Katika nchi za volkano, kama miteremko ya Kilimanjaro na wilaya ya Rungwe, ambako sehemu zake hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, mawe mepesi yenye matundu hufanya kazi mara mbili: huukata unyevu, na hewa iliyomo ndani yake hupunguza kasi ya joto kuzama ardhini. Juu yake huweza kutandazwa karatasi nzito ya nailoni, kisha humwagwa zege la jamvi, yaani zege la sakafu, la unene wa sentimita 10, kwa kipimo cha ndoo moja ya sementi, mbili za mchanga na nne za kokoto.

Hapa ndipo mkono wa fundi unapojulikana. Akiiacha sakafu tambarare kabisa, mkojo husimama. Akiiinamisha mno, ng'ombe hutembea kwa kusitasita na uzito wake humwelemea kwenye miguu ya nyuma. Mteremko unaofaa ni wa sentimita mbili hadi tatu kwa kila mita, nao hupatikana kwa uzi na pimamaji, si kwa kukadiria kwa jicho. Tena uso haulainishwi kwa mwiko kama sebule. Ng'ombe anapoinuka hutupa kichwa mbele, hunyanyua kwanza sehemu ya nyuma na kusukuma kwa nguvu zake zote juu ya kwato mbili, na sakafu laini ikimwangusha mara moja, baadaye huogopa kulala au huogopa kusimama. Kwa hiyo kabla zege halijashika hukwaruzwa kwa ufagio mgumu, au huchorwa mifereji midogo inayokatizana, mipana kiasi cha sentimita moja. Kisha hufunikwa kwa magunia au majani ya migomba na kumwagiliwa maji kwa siku saba, kwa kuwa sementi haiwi ngumu kwa kukauka bali kwa kuungana na maji, na zege linaloachwa juani siku ya kwanza hubaki na nguvu pungufu maisha yake yote.

Hata hivyo zege hilo ni la kutembelea na kulia. Kulaza mnyama juu yake pasipo matandiko ni kosa, kwa sababu zege hupitisha joto mara kama kumi kuliko ubao mkavu, na ubavu wa ng'ombe utalipa deni hilo usiku kucha. Malalo, yaani nafasi ya kulala ng'ombe mmoja mmoja, yenye upana wa mita 1.2 hivi na urefu unaozidi mita 2, huinuliwa kidogo kuliko njia ya kutembelea, na ndani yake ni afadhali udongo ulioshindiliwa ukafunikwa kwa maranda, mabua makavu au majani makavu ya migomba. Unene wa matandiko ndio unaohami. Tabaka la vidole viwili ni pambo tu. Yakikaa makavu huzuia pia ugonjwa wa kiwele, kwa kuwa bakteria wake wengi hustawi penye unyevu na hupanda kupitia tundu la chuchu, ambalo baada ya kukamuliwa hubaki wazi kwa muda.

Mbuzi wana utaratibu wao. Katika milima ya Uluguru, kule Mgeta, ambako mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei walifikishwa kwa wakulima mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, banda linalofaa ni la kichanja, yaani sakafu ya mbao au fito iliyoinuliwa juu ya nguzo, yenye mianya ya sentimita 1.5 hivi ipitishayo kinyesi bila kunasa kwato. Kwa watoto wa mbuzi, ambao upepo wa chini huwaumiza, kona moja huzibwa kwa mbao zilizobanana na kutandikwa nyasi.

Mkojo ulioongozwa na mteremko huishia kwenye mfereji, na mfereji huishia kwenye shimo la samadi lililo upande wa chini, lenye kivuli, lisilofikiwa na maji ya paa. Kutoka hapo samadi huenda kwenye migomba, na majani ya migomba hurudi bandani yakiwa malisho na matandiko. Mzunguko huo ndio moyo wa kihamba, shamba la ukoo la Wachagga, na kihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 miongoni mwa mifumo ya urithi wa kilimo yenye umuhimu kwa ulimwengu. Sakafu inayovuja huukata mzunguko huo katikati, kwani naitrojeni ambayo ingeukuza mgomba huzama chini ya banda au hupotea hewani.

Kazi hii hupimwa kwa njia zisizohitaji chombo. Mtu hupiga magoti juu ya matandiko kwa muda wa nusu dakika, na suruali ikiinuka na unyevu, matandiko hayafai. Kwa ndama mchanga, ambaye tumbo lake la kwanza bado halijaanza kuchachua na kwa hiyo hana lile joto la mama yake, hutazamwa miguu anapolala: ikizama yote ndani ya mabua, ana kiota cha kutosha, na ikionekana juu, huongezwa mabua. Naye fundi anayelistahili jina hilo hurudi mara masika yanapokolea, hutazama mahali maji yaliposimama baada ya sakafu kuoshwa, hupazungushia alama ya mkaa, hupachimba na kupamwaga upya kwa mteremko uliokusudiwa, hata kama malipo yake yalikwisha kukamilika.