Ufundi wa Kufuatilia

Mwaka 1711, Mfalme Fatima wa Kilwa alikuwa akiwaandikia washirika wa Wareno kule kusini, upande wa Msumbiji. Barua zake na za jamaa zake, kwa Kiswahili cha hati ya Kiarabu, zimehifadhiwa Goa, India, nazo ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili yaliyosalia. Wareno walikuwa wamekwisha kupokonywa Mombasa na Waomani mwaka 1698. Hata hivyo Kilwa haikuacha kuwajulia hali.

Siku hizi kazi hiyo anaifanya fundi umeme wa Kilwa Masoko, kwa simu. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 ikaanza kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2004, na tangu hapo mwambao huu haujaisha wapita njia: wahandisi, wasimamizi wa wakandarasi, madereva wa makampuni. Namba zao anazo. Shida ni nini cha kuwaambia.

Wengi huharibu mapema. “Bosi, vipi ule mchongo?” Tena saa tano usiku! Hakuna salamu wala jina, na mchongo wenyewe haujulikani ni upi. Fundi hasa wa kufuatilia huandika hivi: “Shikamoo mjomba. Ni yule fundi umeme uliyeongea naye Nangurukuru. Ile leseni ya EWURA niliyokuwa naisubiri imetoka, nakala hii hapa. Ukisikia wanatafuta watu, naomba unikumbuke.” Ametangulia na habari, ombi kaliweka mwisho, nalo ni dogo. Uzuri wake zaidi ni kwamba mjomba anaweza kuurusha ujumbe huo kwa msimamizi kama ulivyo, bila kuongeza neno.

Na mjomba huyo si lazima awe mtu wa karibu. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliwachunguza wafanyakazi wa mji wa Newton katika utafiti aliouchapisha mwaka 1973. Kati ya waliopata kazi kupitia watu, hawakufika 17 katika kila 100 waliokuwa wakionana na watu hao mara kwa mara. Wengine walionana nao mara mojamoja tu, baadhi hata mara moja kwa mwaka au pungufu.

Undugunaizesheni ni jambo jingine. Nafasi za serikali hupita Sekretarieti ya Ajira, na huko cha kufuatilia ni ombi lako, si mjomba.

Kinachosahaulika mno ni kurudisha majibu. Kijana kaelekezwa kwenye usaili, kakosa, kanyamaza. Aliyemwelekeza anabaki hajui kama hata alikwenda. Anayepiga simu jioni ileile kusema “nimekosa, ila ahsante” ndiye atakayeitwa tena.

Juni 2022 serikali na makampuni ya mafuta yalitia saini makubaliano ya awali ya mradi wa gesi wa Likong’o, Lindi, kisha mazungumzo yakaendelea mwaka baada ya mwaka. Wapo waliouliza kila wiki, “Gesi inaanza lini?” hadi hawajibiwi tena. Swali lenye faida ni lile la cheti gani cha uchomeleaji kitatakiwa, kwa sababu mhandisi analijua jibu lake na VETA Lindi ipo hapohapo mjini.