Mtenda Yuko Wapi? Msamiati wa Dhuluma kutoka Kusadikika na Azimio la Arusha hadi Lugha ya Miradi

1.0 Utangulizi

Jua kali linaweza kumdhuru mtu; haliwezi kumdhulumu, isipokuwa kwa tashihisi. Dawa iliyokwisha muda wake huleta madhara, lakini hakuna anayeiita dhalimu. Kila msemaji wa Kiswahili anaijua tofauti hii bila kufundishwa. Kitenzi -dhuru hukubali kiima chochote chenye uwezo wa kuumiza, ilhali -dhulumu hudai kiima chenye nia, yaani mtu au chombo cha watu. Makala haya yanatetea hoja kwamba maneno ya Kiswahili yanayotaja maumivu na hasara hutofautiana hasa katika nafasi yanayompa mtenda, na kwamba mwandishi achaguapo mojawapo huwa tayari ametoa hukumu kuhusu nani anapaswa kujibu.

2.0 Maneno matatu, mashtaka matatu

Dhuluma, uonevu na unyonyaji hutumika mara nyingi kana kwamba ni visawe. Sarufi yake inaonyesha vinginevyo. Kitenzi -dhulumu huweza kuchukua yambwa mbili, kama katika "alimdhulumu yatima shamba". Kuna aliyetenda, kuna aliyetendwa, na kuna haki iliyochukuliwa. Pamoja na mzizi huo, Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu majina ya pande zote mbili za kesi, yaani dhalimu na madhulumu.

Kitenzi -onea kina umbo la kauli ya kutendea la -ona. Kikifuatwa na nomino ya hisia, hutaja hisia hiyo: kumwonea mtu huruma, kumwonea wivu. Nomino hiyo ikiondolewa na kubaki "kumwonea" peke yake, maana inayobaki ni ya ukandamizaji. Uonevu hauhitaji mali iliyoporwa. Unahitaji pengo la nguvu kati ya wawili.

Kwa upande wake, -nyonya ni sitiari. Mtoto anayemnyonya mama yake hana kosa. Kosa huzaliwa pale anayenyonya anapokuwa na nguvu za kujitafutia. Kwa hiyo unyonyaji hudokeza jambo ambalo maneno mengine mawili hayalidokezi: kwamba anayeumizwa ndiye anayezalisha, na kwamba anayeumiza anashiba kwa jasho lake.

3.0 Kusadikika: mtenda mbele ya baraza

Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert hauachi udhalimu uelee hewani, ingawa nchi yenyewe iko angani. Mshitaki wa Karama ni Majivuno, waziri ambaye kasoro yake ndiyo jina lake. Wajumbe waliotumwa pande mbalimbali na kufungwa waliporudi wana majina ya fadhila, miongoni mwao Fadhili, Ridhaa na Amini. Mbinu hii imewahi kuonekana kama usahili wa kiistiara, wahusika bapa wanaowakilisha tabia moja moja. Hata hivyo, ikisomwa kwa jicho la msamiati, ina faida ambayo si ndogo: kila kifungo kinarudishwa kwa waliokiamua. Utetezi wa Karama ni orodha ya matendo yenye watenda, na ndiyo maana unaweza kudai fidia kwa waliofungwa badala ya kuwasikitikia tu.

4.0 Azimio la Arusha: kiti kilichoachwa wazi

Azimio la Arusha (1967) linapofikia kiini chake linajenga mfululizo wa vitenzi vya kauli ya kutendwa: -onewa, -nyonywa, -puuzwa. Kauli hii humwekea mtenda kiti baada ya "na", lakini katika kifungu hicho kiti hakikaliwi. Nafasi ya kisababishi inapewa unyonge wa wenyewe waliotendwa. Kisiasa, uamuzi huo una mantiki, kwa kuwa anayeamini kwamba unyonge wake ndio mlango wa uonevu ana kazi ya kufanya leo, bila kusubiri mnyonyaji atubu. Gharama yake ni kwamba hali ya mnyonge inageuka maelezo ya kosa la mwingine. Methali "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni" inakwenda njia nyingine. Kiambishi -ni kinawahutubia walio wengi na wenye nguvu, na unyonge hauwapunguzii wajibu.

Haitakuwa haki kuishia hapo. Azimio hilohilo linataja mabepari na makabaila, na kuonya kwamba watu wa mijini wanaweza kuwa wanyonyaji wa wakulima. Hapo mtenda anarudi kitini, tena ni mtenda aliye karibu na wasomaji wa kwanza wa waraka. Ukimya wa kifungu cha kwanza, kwa hiyo, haukutokana na upungufu wa lugha.

5.0 Kupisha, kuguswa, kuathirika

Lugha ya kiutawala ya sasa imekwenda mbali zaidi. Kauli ya kutendeka katika "wakazi wameathirika" inaelekeza macho kwenye hali waliyofikia, si kwa aliyewafikisha. "Waguswa wa mradi" inabakiza kiambishi cha kutendwa, lakini imebadilisha kitendo chenyewe: mtu aliyevunjiwa nyumba ameguswa tu. Lililo zito zaidi ni "wananchi waliopisha mradi". Kupisha ni adabu ya njiani. Mwenye kupisha husogea kwa hiari ili mwenzake apite. Katika matumizi haya aliyehamishwa amefanywa mtenda, na kuondoka kwake kumekuwa hisani. Hatimaye malalamiko yake yanaitwa "changamoto", neno linaloalika juhudi na halimshtaki yeyote.

Inaweza kupingwa kwamba si kila hasara ina dhalimu, na kwamba mkaguzi wa mradi hapaswi kutoa hukumu kabla ya mahakama. Pingamizi hilo lina uzito. Ukame huathiri, wala haudhulumu, na kuuita kila usumbufu dhuluma ni kulichosha neno. Lakini tahadhari haidai kupisha. "Wamehamishwa na mamlaka" ni sentensi isiyomtukana mtu, na mtenda yumo ndani yake.

6.0 Hitimisho

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuuliza kazi fulani inazungumzia dhuluma ipi. Swali linalopaswa kutangulia ni iwapo sentensi zake zinamruhusu dhalimu kuonekana. Swali hilo linaufaa waraka wa serikali sawa na riwaya. Kiswahili kina -w- ya kumwekea mtenda kiti na -ik- ya kukiondoa, na vyote viwili vina mahali pake. Aliyeondolewa shambani hana pa kupeleka shauri lake ikiwa taarifa rasmi inasema kwamba alipisha.