Waashi Waliotoka Mgodini

Ukifika Pendarvis, kwenye nyumba za mawe za zamani katika mji wa Mineral Point, jimboni Wisconsin nchini Marekani, usikimbilie ndani. Tazama ukuta kwanza. Kwa mbele mawe ya chokaa yamechongwa yakanyooka, yamepangwa safu juu ya safu. Sasa zunguka ubavuni. Huko mawe yana kila umbo, karibu kama yalivyotoka ardhini, na bado ukuta umesimama wima. Uso wa nyumba ulipewa jasho la tindo, lakini mimi huvutiwa zaidi na ubavu. Jiwe lisilochongwa huna budi kuligeuzageuza mkononi mpaka ujue linataka kulalia upande gani.

Waliojenga hivi walikuwa wachimba madini kutoka Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Walianza kuja miaka ya 1830 kufuata risasi iliyokuwa ikichimbwa katika vilima hivyo. Baadhi ya waliowatangulia walijisitiri kwenye mashimo waliyofukua mlimani, wakafananishwa na beja, jamaa wa nyegere, na jimbo zima limebaki na jina hilo la utani. Watu wa Cornwall hawakutaka shimo. Kwao walikuwa wamechimba bati na shaba kizazi baada ya kizazi, wakajua mwamba unapasukia wapi na unagoma wapi. Aliyejifunza hayo gizani, kwa mwanga wa mshumaa, atashindwaje juani? Mlima waliouchimba ndio uliowapa mawe ya nyumba.

Habari za dhahabu ya California zilipofika mwishoni mwa miaka ya 1840, wengi walifunga virago. Nyumba zikachakaa, nyingine zikabomolewa. Mwaka 1935 Robert Neal, mzaliwa wa mji huo, na mwenzake Edgar Hellum walinunua kibanda kimoja kilichokuwa kikiporomoka, wakaanza kukirudishia hali yake. Wakaendelea na vingine, huku wakiwauzia wageni chakula cha Cornwall, andazi la kuoka lenye nyama na viazi ndani. Nawaheshimu kwa subira hiyo: kutengeneza ukuta wa mtu mwingine kunakutaka ufuate mkono wake, usilazimishe wako.

Kabla hujaondoka, simama kwenye pembe, pale ukuta wa mbele unapokutana na wa ubavuni. Weka kiganja hapo. Upande mmoja ni laini, mwingine una mabonde na vilima, na vidole vinavuka kutoka huku kwenda kule bila kukuta ufa.